Ajali Haipimwi, Hatari Hupimwa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, tunaifungua safu ya wiki hii kwa barua. Imetoka kwa mama mmoja wa Likoni, msomaji wetu wa siku nyingi, aliyetuomba tumsitiri jina, nasi tumemsitiri. Mwanawe wa pili ana duka dogo la nguo mjini Migori, na huko ndiko alikooa na kupata watoto. Hivi karibuni aliumwa na kichwa siku 12 mfululizo. Alimeza dawa za malaria zisimfae kitu. Kisha shingo ikakaza, mwanga ukawa unamchoma macho, na mwishowe akawa anawaita watoto wake kwa majina ya ndugu zake. Mkewe akampeleka hospitali, na kutoka hapo akahamishiwa Homa Bay.

Huko mke aliambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mumewe ana virusi vya UKIMWI na kinga ya mwili wake imeshuka mno, na kwamba fangasi imeingia katika utando unaoufunika ubongo. Daktari akaongeza kuwa hatari ya kumpoteza ni kubwa, na akaomba idhini ya kumtoa maji ya uti wa mgongo siku hiyohiyo. Kaka mkubwa wa mgonjwa, aliyesafiri kutoka Mombasa, alikataa.

Mama yetu anauliza maswali mawili. La kwanza: daktari anayesema kuwa mtu fulani yu karibu na mauti, je, hajajidai kuijua ghaibu? La pili: si afadhali mwanawe arudishwe Likoni, asomewe, na kama ni kufa, afie kwao?

Tulipomaliza kuisoma barua hiyo hatukungoja siku ya kuandika safu. Tulimpigia simu mama yetu, kisha tukampigia huyo kaka mkubwa. Tuliyomweleza ndiyo tunayoyaandika hapa, kwa kuwa tunaamini zipo nyumba nyingi ambazo maswali haya huulizwa usiku, kwa sauti ya chini, na hayafiki gazetini.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Homa Bay na Migori ni kaunti jirani kando ya Ziwa Victoria. Wengi wetu tunazijua kwa omena na sangara, na kwa Waislamu si ugenini mtupu, maana Kendu Bay ina msikiti mkongwe na familia za Kiislamu zilizokaa hapo vizazi kadhaa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, ilionekana kuwa kati ya watu wa miaka 15 hadi 64 nchini Kenya, asilimia 4.9 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika kaunti ya Homa Bay walikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo katika hospitali ya serikali ya huko, wakati dawa hizo zilikuwa ndoto kwa maskini wa nchi hii. Hatuyasemi haya ili kuwanyoshea kidole watu wa ziwani. Maradhi haya yako Mombasa, Kilifi na Lamu pia. Tunayasema ili ijulikane kwamba waganga wa upande ule wameyauguza kwa miaka mingi, na wasemapo kuwa hali ni ya hatari, husema kwa waliyoyaona.

Sasa tuitazame fangasi yenyewe. Jina lake ni kriptokokasi. Makazi yake ni udongo, vinyesi vya ndege, hasa njiwa, na miti iliyooza. Sote tunaivuta kwa pumzi bila kujua, na mwili wenye nguvu huizuia. Mwili ulioishiwa nguvu haiwezi. Katika damu yetu zimo chembe ziitwazo CD4, ambazo ni kama askari wa zamu. Mtu mzima mwenye afya, mara nyingi, hesabu yake huzidi 500. Zinaposhuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani huita hali hiyo UKIMWI uliokomaa. Zikishuka chini ya 100, fangasi hii hupata njia ya kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo. Na tuliseme wazi jambo moja kwa akina mama wanaouguza: haiambukizi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemhudumia. Mlisheni, muosheni, mkae naye.

Kwa hesabu ya wataalamu ya mwaka 2020, watu wapatao 152,000 walipatwa na maradhi haya duniani katika mwaka mmoja, na 112,000 kati yao wakafa. Katika kila vifo 100 vya UKIMWI, 19 vilitokana nayo. Asiyetibiwa hasalimiki. Hata katika utafiti mkubwa uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, wagonjwa waliopewa dawa bora na uangalizi wa karibu walipoteza takriban mtu 1 kati ya 4 kabla ya wiki 10 kwisha.

Basi daktari anapokisia hatari, anatazama nini? Hatazami nyota wala hapigi ramli. Jambo la kwanza ni akili ya mgonjwa: je, anajitambua, anajua yuko wapi, anawajua watu wake? Aliyeanza kuchanganyikiwa hatari yake ni kubwa kuliko anayezungumza sawasawa. La pili ni wingi wa fangasi katika maji ya uti wa mgongo, na kasi ya kupungua kwake dawa zinapoanza. La tatu ni mgandamizo wa maji hayo, kwani fangasi huziba njia zake, yakajaa na kuubana ubongo ndani ya fuvu. Kisha hutazama uzito wa mwili, upungufu wa damu, umri, na maradhi mengine yaliyoandamana nayo kama kifua kikuu. Huyakusanya yote akayapima pamoja, ndipo asemapo kuwa huyu hatari yake ni ndogo na yule hatari yake ni kubwa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nahodha anayesimama ufukoni akaliona wingu la kusi, akaona na rangi ya maji imebadilika, akasema leo bahari ni mbaya, hakuna anayemwambia amejidai kuijua ghaibu. Tunamshukuru, tunashusha tanga na kukaza kamba. Nahodha hakusema fulani atazama saa fulani. Amesema tu kwamba wanaotoka katika hali kama hii wengi hawarudi. Daktari naye ni hivyo hivyo. Anaposema 1 kati ya 4, hajui ni yupi katika hao 4. Wala hawezi kujua, kwa maana Kitabu chetu kimetufundisha mwishoni mwa Sura Luqman kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Ajali ya mtu haina mizani hospitalini. Hatari inayo.

Kosa linalofanywa na wengi wetu ni kuyachanganya mawili haya. Wapo wasikiao kuwa hatari ni kubwa wakafahamu kuwa hukumu imeshapita, wakaanza kutafuta sanda. Wapo wengine wasikiao hivyo wakakasirika, wakamwona daktari ni mtu asiye na imani, wakamchukua mgonjwa wao wakaondoka. Wote wawili wamelisikia neno moja wakalifahamu kinyume. Hatari inapotajwa kuwa kubwa, maana yake ni kwamba muda ni mchache na kazi ni nyingi. Anayetabiriwa hatari kubwa ndiye anayestahili kutangulizwa, kulazwa karibu na macho ya wauguzi na kupimwa mara kwa mara.

Tunakijua kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kuwa anaihama kadari moja kwenda kadari nyingine ya Mola huyohuyo. Habari za tauni zilikuwa kisio la hatari. Umar hakuliita ukafiri wala hakuliita hukumu. Alilifanyia kazi.

Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla ndevu zetu hazijaingia mvi, baba mmoja alituletea kijana wake aliyekuwa akiumwa na kichwa. Alikuwa amekonda, na mdomoni mlikuwa na utando mweupe. Tulimsomea siku 9. Kila jioni alinyanyuka na nafuu kidogo, na baba yake akatushika mkono kwa furaha. Hatukuuliza amekonda tangu lini. Hatukumwambia baba yake apite hospitali. Siku ya 10 kijana hakuamka, na daktari aliyempokea alitueleza baadaye kilichokuwa ndani ya kichwa kile. Baba yake hakutulaumu. Alisema ndiyo ajali yake, nasi tukalipokea neno hilo upesi, kwa kuwa lilitupumzisha.

Halijatupumzisha tena tangu hapo. Kusoma hakukuwa kosa, na mpaka leo tunawasomea wagonjwa na tunaona baraka yake. Kosa lilikuwa kusoma na kunyamaza. Ajali ilikuwa ya Mwenyezi Mungu. Siku 9 zilikuwa zetu.

Haya ndiyo tuliyomwambia kaka mkubwa kwenye simu, naye akanyamaza kwa muda. Kisha akatuuliza kuhusu sindano ya mgongo, maana alisikia kwamba wanaotolewa maji hufa au hupooza. Tumelisikia neno hili Mombasa, na linasemwa Homa Bay na Kampala vilevile. Tukamweleza kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe wa neva huishia juu ya mahali sindano inapochomwa, kwa hivyo haiugusi, na kwamba daktari humkagua mgonjwa kwanza ajue kama yuko tayari kuchomwa. Wengi wanaokufa baada ya kutolewa maji ni wale waliofikishwa wakiwa wamechelewa, na jamaa wakailaumu sindano kwa kuwa ndiyo waliyoiona mwisho. Maji hayo huonyesha maradhi, na kuyatoa ni tiba pia, kwani mgandamizo hupungua na kichwa hutulia. Wagonjwa waliofuatiliwa Uganda na Afrika Kusini walionyesha kuwa waliotolewa maji tena katika siku za mwanzo walisalimika zaidi kuliko wasiotolewa. Kukataa kunaonekana ni huruma. Wakati mwingine ni kumfungia mgonjwa mlango.

Tukamweleza pia habari ya dawa. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina isiyodhuru figo sana, inayotiwa kwenye mshipa, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki 2. Baada ya hapo flukonazoli huendelea kwa miezi mingi, na anayeiacha mapema huiita fangasi irudi. Kuna jambo moja huwashangaza jamaa: daktari huchelewesha dawa za UKIMWI kwa wiki 4 hadi 6. Wengine hudhani mgonjwa wao ametupwa. Sivyo. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioanzishiwa dawa hizo mapema mno, asilimia 45 walifariki katika wiki 26, ilhali waliongojeshwa kidogo walifariki asilimia 30. Kinga ikiamshwa ghafla hupigana ndani ya ubongo uliovimba. Kuna subira ambayo ni dawa.

Lakini kisio bora la hatari ni lile linalofanywa kabla kichwa hakijauma. Uchunguzi wa Entebbe, Uganda, ulionyesha kwamba alama ya fangasi hii huonekana katika damu kiasi cha wiki 3 kabla ya dalili, na pengine mapema zaidi. Kipo kipimo cha utepe mdogo, kama kile cha mimba, kinachotoa jibu kwa dakika 10 hivi. Mtu aliyepimwa na CD4 zake zikaonekana ziko chini apimwe na hiki pia. Akionekana anayo, na bado haijafika ubongoni, hupewa vidonge vya kuizuia.

Mfano wa Dar es Salaam unatuhusu zaidi akina mama. Huko na Lusaka, Zambia, walichukuliwa wagonjwa 1,999 waliofika kliniki CD4 zao zikiwa chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa fangasi hii, na zaidi ya hapo wakatembelewa nyumbani kila wiki katika mwezi wa kwanza na watu wa kawaida waliofunzwa, wakiwapelekea dawa, wakiwauliza hali, wakiwahimiza. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika huduma ya kawaida walifariki asilimia 18, na katika hao waliotembelewa asilimia 13. Wale wageni hawakuwa madaktari. Walibisha hodi, wakaketi, wakauliza. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu, na tumeifanya iwe ya kupeleka machungwa na kuondoka. Tuifanye iwe ya kuuliza pia: umekula? Umemeza dawa? Kichwa kinauma?

Tunawausia wasomaji wetu mambo manne.

La kwanza, mtu mwenye virusi vya UKIMWI, au anayekonda bila sababu, akiumwa na kichwa siku nyingi, akiwa na homa, akitapika, akiona vitu viwili viwili, au akianza kusema yasiyoeleweka, asingojeshwe. Apelekwe hospitali siku hiyo, na jamaa waseme wazi kama ana virusi, ili daktari ajue pa kuanzia.

La pili, tusichanganye sitara na maficho. Kumsitiri mgonjwa ni kutomtangaza sokoni na harusini. Kumficha asifike kwa tabibu si sitara; mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi wanaofikishwa hospitali za Homa Bay wakiwa hoi si watu wasiojua hali zao. Waliwahi kuanza dawa, wakaziacha, kwa aibu ya kuonwa wakizimeza, au kwa kuchoka, au kwa kudhani wamepona. Mke asimeze dawa chooni kwa kumwogopa mama mkwe. Nyumba inayomlazimisha mtu kujificha inaziteremsha CD4 zake.

La tatu, atakaye kufunga Ramadhani naye anatumia dawa hizi, azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Wengi huweza kuzimeza wakati wa futari au daku. Aliye mgonjwa mahututi ana ruhusa ya kula, na ruhusa ni zawadi, haikataliwi.

La nne ni jibu la swali la pili la mama yetu. Safari ya kutoka Homa Bay hadi Likoni ni zaidi ya kilomita 800. Kumpakia basini mtu ambaye ubongo wake umebanwa na maji ni kumtoa penye dawa na kumpeleka pasipo nayo. Asomewe, naam, lakini asomewe pale kitandani, dawa ikiwa inatiririka katika mshipa. Ndugu zetu wa upande ule wapo, na wataitika wakiitwa. Kisomo hakihitaji tiketi.

Kaka mkubwa alitia saini alasiri ileile. Maji yalitolewa siku hiyo, yakatolewa tena baada ya siku 2, kisha tena. Siku ya 5 mama yetu alitupigia akilia, tukashtuka, kumbe ni kwa sababu mwanawe amemwita mtoto wake wa mwisho kwa jina lake sahihi. Tunapoandika haya yuko katika wiki ya 2. Daktari bado anasema hatari ipo, ingawa imepungua, na sisi hatuna neno la kuongeza juu ya hilo. Hatumwahidi mama yetu kwamba mwanawe ataishi, na hatumwambii kwamba atakufa. Tunamwambia kwamba yaliyo mikononi mwa watu yanafanywa, na yasiyo mikononi mwao yako kwa Mbora wa kuyashika.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu wa pwani na wa ziwani, awape nguvu wanaowauguza, na atusamehe siku tulizozipoteza. Amin.